Hema la Kipepeo

Msiniulize ukoo wake. Watu wetu wakikutana, chai haijamiminwa, wameshaulizana wewe wa kwa nani, mama yako wa Unguja au wa bara, babu yako katoka Ibra au Sur, na mie mchezo huo umenichosha. Huyu ninayetaka kuwaeleza alikuwa jirani yetu Birkat al-Mawz, ukuta kwa ukuta, tangu mie kitoto cha kukimbia pekupeku. Alikuwa na karakana ya kushona mahema kule Firq, kwenye mtaa wa magereji, basi watoto sote tukimwita Bibi wa Mahema. Waarabu wa Nizwa wakimwita Ummu Khiyaam, na maana ni hiyo hiyo. Yu hai, alhamdulillahi. Nikisema "alikuwa" ni kwa sababu siku hizi naishi Ibra kwa mume wangu na simwoni kila asubuhi. Akinisikia atanipiga kandambili.

Kwanza mjue sauti yake, maana ilifika kabla yake. Asubuhi zamu ya maji ya falaji, mfereji wetu wa kijiji, ikiingia kwenye migomba yake, tulimsikia akiigombeza migomba kwa majina. Mmoja mvivu, mmoja mchoyo, mmoja anajifanya mgonjwa ili amwagiwe zaidi. Baba alikuwa akisema hana haja ya kutega saa.

Alikulia Bujumbura, akasomeshwa na masista wa Kitaliano, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na vipande vya Kifaransa ndani. Mama yangu ni mtu wa Unguja mjini, na nyinyi mnawajua watu wa Unguja mjini na Kiswahili chao. Bibi akiingia na kusema, "Njooni tuyage," mama hujishika kichwa.

"Kuyaga ndiyo mdudu gani tena? Sema tuzungumze!"

"Na wewe 'ntakwenda' ndiyo nini? Herufi umeimeza na hata bismillahi hukusema."

Wakicheka, wakinywa kahawa, wakigombana tena. Ugomvi wao ule ndio uliotulea, na siku Bibi asipokuja mama alikuwa akituma mtu kuuliza kama anaumwa.

Sasa neno lake. Kila mzee ana neno analolishika, huyu "sabuur", yule "dunia hii!" Yeye lake lilikuwa la Kilatini: papilio. Maana yake kipepeo. Alifundishwa na sista mmoja mnene ambaye alichora kipepeo ubaoni, akamfuta kichwa, akamfuta miguu, akamwachia mabawa yake mawili wazi, kisha akasimamisha mstari mmoja katikati. Darasa zima likaona hema. Sista akawaambia kuwa askari wa Kirumi walipofungua mapazia ya mahema yao huku na huku, waliona vipepeo wametua kambini, basi hema nalo wakaliita papilio. Neno likazunguka dunia. Waitaliano wakalitafuna mpaka likawa padiglione, hema kubwa la shughuli. Wafaransa wakalitafuna mara mbili, mara moja kwa mdudu, papillon, mara moja kwa hema, pavillon, na wao wenyewe wamesahau kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

"Mie nilikuwa mtoto wa Kiislamu katikati ya misalaba," alikuwa akitwambia, "kwa Kilatini nikalishinda darasa zima, na sijapata mtu wa kusema naye hata siku moja. Neno moja tu ndilo limenilisha." Kweli limemlisha. Walipokuja Oman, mumewe akapata kazi ya mshahara serikalini, yeye akachoka kukaa na kuta. Akanunua cherehani, akakodi chumba Firq, akaanza kushona mahema ya harusi na ya azaa, yaani ya msiba. Watu walimuuliza, mwanamke wewe, kwa nini usishone majalabia? Aliwajibu kwa somo zima la Kirumi, na wengi waliondoka kabla hajafika kwa Wafaransa.

Ila kipepeo mwenyewe, yule mdudu, Waitaliano hawamwiti tena papilio. Wanamwita farfalla, na hapo Bibi alikuwa hakamatiki. Leo atakwambia farfalla ni papilio ile ile iliyoharibika midomoni mwa wanavijiji. Kesho ataapa ni neno letu Waarabu, limevuka bahari na wafanyabiashara. Keshokutwa ni mlio wa mabawa tu, far-far-far, na hapo atapepea mikono yake minene mpaka vikombe vitikisike. Baba, mtu wa kupenda mambo yanyooke, alimkumbusha siku moja.

"Bibi, si juzi ulisema la Kiarabu?"

"Juzi ilikuwa juzi. Wenye vitabu vyao wenyewe hawajakubaliana, wewe unataka nikubaliane nao peke yangu?"

Kisha akamgeuzia kibao: farasha, kipepeo kwa Kiarabu, si mzizi mmoja na firashi tunayolalia? Si kutandaza? Basi Mrumi kamwona kipepeo akaona hema, Mwarabu kamwona akaona tandiko, na Mswahili akamwona akaona pepeo la kupepea mkaa. "Kila mtu kamtazama mdudu akaona alichokosa nyumbani," alisema, na baba akaomba kahawa.

Masikio yetu yalikoma. Waitaliano, alivyotwambia, hata sikio la nje wanaliita hema, padiglione hilo hilo. Basi ukiambiwa jambo usisikie, anakuja nyuma yako, anakamata sikio na kuling'ang'ania. "Mungu kakupigia mahema mawili, bure, na bado neno haliingii!" Mpaka leo nikimgombeza mwanangu mkono unakwenda sikioni wenyewe.

Na jikoni je? Waitaliano wana tambi za umbo la kipepeo. Alizipata dukani Nizwa na siku hiyo nyumba yake ilikuwa idi. Alizipika kwa tui la nazi na jodari wa Sur, pilipili mbichi, ndimu. Nasikia Mwitaliano akiona hivyo analia. Sisi tulikula tukalamba vidole, na mama yangu, ambaye chakula cha bara haonji, alipeleka bakuli lake mara ya pili akidai ni la paka.

Msidhani alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Huyu mpenda vipepeo, kipepeo akiingia nyumbani anapanda kitanda! Nimemwona kwa macho yangu amejifunika shuka, anapiga kelele tumtoe, na alikuwa mdogo, mweupe, maskini. Nondo ndio aliwachukia kabisa, kwa kuwa wanatoboa bitana za sufi. Nikamwambia, "Bibi, si ulisema Kilatini nondo naye ni papilio?" Akasema kila ukoo una mwizi. Alishona mahema ya nusu ya mkoa wa Dakhiliyah, lakini kulala kwenye hema alikataa katakata. Tulipokwenda kupiga kambi mchangani Sharqiyah yeye alilala garini, kiyoyozi kinanguruma. Alikuwa bahili wa kitambaa hata kipande cha mkono mmoja hakitupi, na hema la azaa hakumtoza mtu yeyote tangu nimjue. Msiba ukitokea, gari lake lilifika kabla ya jamaa wa marehemu, vijana wakafunga, wakamwaga mazulia, wakaondoka. Ukimshukuru anakasirika.

Mkuu wa mafundi wake alikuwa Mbangali, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyekuja Oman kijana na kukaa naye miaka mpaka mvi. Kiarabu hakukishika. Alichoshika ni Kiswahili cha Bujumbura, pamoja na hasira zake. Wateja wa Kiarabu walikuwa wakisimama mlangoni wakimsikiliza Mbangali na bibi wa Kimanga wakitukanana kwa lugha ya Afrika juu ya mshono, na wakisahau walichojia.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa hema la kipepeo. Bibi alilitaka tangu ubaoni pale: mlingoti mmoja katikati, mabawa mawili makubwa yanayofunguka kulia na kushoto, meupe nje, ndani rangi ya zafarani. Na kamba zisionekane. Mahema yote kamba zake ziko nje, zimefungwa vigingini, lakini yeye alisema kipepeo gani huyo amefungwa kama mbuzi? Basi kamba zake zikapitishwa ndani, zikashuka pembeni, na vijana walikuwa wakizishika na kuzivuta au kuzilegeza kwa kadiri ya upepo. Kusimama lilisimama, lakini halikukaa. Lilianguka uani Firq juu ya gari la mteja. Lilianguka Birkat al-Mawz siku ya idi na kumfunika mbuzi wa jirani, akatoka amevaa pazia. Habari ikaenea. Nani atamweka bi harusi wake chini ya hema linaloanguka? Hata kama hushiki mikosi, mama mkwe wako ataishika.

Mwana wa Bibi yuko Maskati, mtu mzuri, mpole, anamwonea mama yake huruma. Alitaka karakana ifungwe, mama apumzike, mahema yaagizwe ya chuma kutoka kiwandani. Wakavutana muda. Mwisho Bibi akatoa ahadi mbele yetu, barazani kwetu: hema la kipepeo likipata bi harusi mmoja, mmoja tu, akakaa chini yake mpaka shughuli ikaisha, karakana itabaki. Ramadhani ikifika halijapata, atakabidhi funguo na hatasema neno. Sisi tulijua maana ya Bibi kutosema neno. Ni kama kumzika.

Na mie ndiyo kwanza nimeposwa. Nimechelewa kidogo, wenzangu wana watoto shule. Nafanya kazi ya bima Nizwa na nilikuwa sina haraka, hadi alipotokea huyu wa Ibra mwenye kucheka kwa tumbo. Nikasema mie ndiye. Mimi nitakaa chini ya hema hilo.

Mama alizirai, yaani alijifanya. "Utaangukiwa na hema mbele ya wakwe! Watu wa Ibra watasema tumewaletea mkosi kutoka bara!" Mama mkwe naye alikuwa ameshalipia ukumbi wa harusi, wenye taa na kosha, jukwaa la bi harusi, la maua ya plastiki. Tukapatana: ukumbi ubaki wa harusi, hema liwe la siku ya hina, alasiri, shambani kwa wakwe, wanawake watupu. Mama akainua mikono. "Mtoto akililia wembe mpe," akasema, na mie nikambusu.

Bibi hakulala wiki hiyo. Bitana ilifuliwa, mishono ikapigwa upya, fundi akalaaniwa na kubarikiwa kwa zamu. Siku yenyewe lilisimama shambani Ibra kati ya mitende, na wallahi sijaona kitu kizuri kama kile. Mabawa yale yalikuwa yamefunguka na nje huoni kamba hata moja. Wanawake wakaingia na mabuibui yao, wakayavua, zikatoka jalabia za kila rangi, dhahabu, nywele zenye asumini, wapiga ngoma wakakaa. Nikaingizwa mie katika kijani changu, mtandio mwepesi usoni, nikakalishwa, miguu ikapakwa hina. Na upepo wa alasiri ukaamka kutoka mchangani.

Bawa la kulia likapiga mara moja. Nje nikamsikia fundi anaita, "Bibi! Kamba ya kulia! Tuingie?"

"Ingieni hara..." Bibi akaanza, akaishia hapo. Nikaliona jambo lile likimfika usoni. Miaka yote ya kujaribu, uani Firq, vijana waliingia na kutoka wanavyotaka, na yeye, mwanamke wa Kiislamu anayejua kuwa siku ya hina hapiti dume hata paka, hakuwaza siku moja kuwa kamba ziko ndani na wenye kuzishika ni wanaume. "Msiingie!" akapiga ukelele. "Msithubutu! Kuna watu vichwa wazi!"

Bawa likapiga tena, mlingoti ukalia. Watoto wakaanza kukimbilia mlango. Mama akanitazama mie, na macho yake yalikuwa yakisema nilikwambia. Mama mkwe alishasimama. Nilimwona Bibi amekumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili. Nikataka kuinuka, hina ikanizuia, miguu yote mibichi.

Aliyeinuka ni shangazi yake bwana harusi. Mwanamke mkubwa, dhahabu mpaka viwiko, ambaye tangu aingie alikuwa akikosoa, zulia limepinda, kahawa nyepesi. Akaiona kamba inayumba pembeni, akaikamata, akajizungushia mkononi juu ya bangili, akakanyaga. Bawa likatulia upande ule. Akageuka. "Mnatazama nini? Hii harusi yetu au ya jirani?"

Basi! Mama yangu akakamata ya pili, mama mkwe ya tatu, mama wadogo, mashangazi, binamu, wote kamba mkononi. Fundi nje ya pazia, haoni kitu, anasikiliza mlio wa kitambaa na kupiga kelele, "Kulia vuta! Kushoto legeza!" Sisi wa Kiswahili tunawafasiria wa Ibra, "Shiddi! Rakhkhi!" na wapiga ngoma, watu wenye akili, wakauchukua mwendo ule ule. Vuta, legeza, vuta, legeza, na nyonga zikafuata. Wakacheza na kamba zao. Mabawa yakapanda yakashuka juu ya vichwa vyetu, zafarani ile inawaka jua la alasiri, vigelegele vikapanda, na upepo ulivuma ulipotaka, haukupata pa kuingilia. Bibi kizee mmoja asiyeweza kusimama akafungiwa kamba kwenye kiti na kuitikisa kwa mguu. "Kidole kimoja hakivunji chawa!" mama alikuwa akipiga kelele, jasho linamtoka, na nilimwona akimcheka Bibi na Bibi akimcheka yeye, na wote wawili wanalia. Mie nilifurahi mpaka kifua kikauma. Sijapata kufurahi vile, na harusi yenyewe kesho yake ukumbini, na taa zake zote, sikumbuki sana.

Bibi alibaki pale kwenye mlingoti mpaka maghrib. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumfundisha mtu Kilatini. Hema halikuanguka. Lilishushwa taratibu, na wanawake wenyewe, wakishakujifunika, na shangazi alitaka aambiwe anayelikunja ni nani na kwa nini analikunja vibaya.

Majuzi nilikwenda kumsalimia Firq. Anatembea kwa fimbo siku hizi, jicho moja limeingia ukungu, sauti ni ile ile. Nikambusu mkono. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwenye hema. Umenenepa, mashaallah, mume anakulisha tambi?"

Mwanawe alikuwa hapo, amekunja mikono ya kanzu yake ya dishidasha, anapima kitambaa na fundi. Maskati anakwenda wikiendi tu. Fundi alikuwa ameshona hema la kipepeo jipya, na akanivuta kunionyesha werevu wake: kamba za hili zilikuwa nje, zimefichwa ndani ya mikunjo, nyembamba za rangi ya mchanga, huzioni mpaka uzikanyage. Vijana watazikaza kutoka nje, wanawake ndani hawana habari, hawatashika hata uzi. Kazi safi kabisa, nikamwambia.

"Safi," Bibi akasema. "Fumua."

Fundi akarusha mikono, akaanza kutukana kwa Kiswahili cha Bujumbura. Mwanawe akacheka, kisha simu ikalia, akaisikiliza, akampa mama yake. Mteja wa Sur, akasema, mama yake bi harusi, kaliona hema lile kwenye video ya mabawa tu, watu hawamo.

Bibi akaiweka sikioni, akaketi. "Ahlan, ahlan. Wa Aija, hapo Sur? Karibu mwanangu. Ndiyo, lipo. Upepo wa baharini? Tutauzoea. La, wafanyakazi wakishalisimamisha hawaingii tena." Akasikiliza, akanikonyeza kwa lile jicho zima. "Kamba? Kamba ziko ndani. Nani atazishika?" Akahamisha simu sikio la pili. "Kwanza nambie, mashangazi unao wangapi?"